Wanaokula Chungu Kimoja

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Leo ni miaka thelathini na moja na siku kumi na mbili tangu nitoke huko. Hizo siku kumi na mbili nazitaja kwa mazoea tu. Mtu aliyezeekea kwenye takwimu hawezi kusema "kama miaka thelathini hivi" bila kuona haya.

Barua yako ya Januari ilifika juzi, pamoja na picha ya chumba. Nimeitazama sana. Kitanda, meza chini ya dirisha, taa ya kusomea, rafu mbili ambazo mumeo amezipigilia mwenyewe. Mwambie Nesi kwamba rafu ya juu imelalia kushoto, lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kuchoma watu sindano, amejitahidi. Unasema mjukuu wangu, Bibi Kwanini, bado analala kitanda kimoja na Shangazi yako kwa kuwa chumba hicho ni "cha Babu, na Babu yuko njiani". Ana miaka sita na anastahimili mkoromo wa dada yangu. Mimi nilishindwa nikiwa na miaka kumi.

Umenitaka nitaje tarehe ya kurudi. Mwanangu, magoti yangu hayajapona vizuri, na msimu huu wa baridi si wa kusafiri. Halafu kuna habari ya hati zangu. Tuseme tutaona hali ikipoa.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika kwamba wamekukabidhi kitengo cha hali ya kaya pale ofisi ya takwimu. Ndiyo kusema unakaa ghorofa ile ile niliyokaa mimi siku waliponiletea karatasi wakitaka niandike kwamba bei zimepanda kwa asilimia tisa, wakati zilikuwa zimepanda kwa kumi na tisa. Wewe ulikuwa na miaka minne, na mama yako tulikuwa tumemzika mwaka mmoja nyuma. Nilikataa kuandika tisa. Wiki hiyo hiyo mtu aliyenitakia mema akaniambia nisilale nyumbani. Nikakuacha kwa dada yangu kwa siku tatu. Nilisema siku tatu, na nilikuwa namaanisha hivyo.

Ukitaka msaada wa kazi, niandikie. Simu ya Jumapili iwe ya kujuliana hali tu. Sikio langu la kushoto lilistaafu kabla yangu.

Nashukuru kwa picha. Nashukuru kwa chumba.

Baba yako

*

Tarehe 20 Februari

Baba, shikamoo.

Shangazi amesomewa barua yako na amesema: "Magoti! Mwambie na mimi ninayo mawili, yanauma yote, na kila siku yananifikisha sokoni." Kisha akasema yeye hakoromi, anapumua kwa heshima. Nimefikisha.

Baba, hati zako si tatizo tena. Mkurugenzi mwenyewe ameniita akanipa barua, nimeiambatanisha hapa nakala yake. Jalada lako limefungwa. Imeandikwa wazi kwamba takwimu zako za mwaka ule zilikuwa sahihi na kwamba huna kesi yoyote. Nilipoisoma nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kwenye kikao cha bei ya mafuta ya taa.

Huyu Mkurugenzi ni mtu mzima mwenye subira, maana wiki iliyopita alipata mtihani. Nesi alikuwa zamu ya mchana, Shangazi yuko kliniki ya macho, shule imefungwa. Nikaja ofisini na Bibi Kwanini. Nikamkalisha chini ya meza yangu na kalamu za rangi. Naandika, naandika, nainua macho, mtoto hayupo. Yuko mlangoni kwa Mkurugenzi, fomu tupu mkononi.

"Wewe jana umekula nini?"

"Wali."

"Na nini?"

"Na mboga."

"Mboga kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha si jibu," akamwambia. "Mama anasema watu wakubwa wanadanganya kwenye mboga."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mkurugenzi akaniangalia akasema, "Huyu ndiye niliyepaswa kumpa kitengo, wewe nikuache ulee."

Sasa kuhusu kazi. Tunaanza uchunguzi mpya wa matumizi ya kaya, na nimeandika upya lile daftari lako la siku kumi na nne. Kila kinachoingia nyumbani, kila kinachopikwa, kila nauli. Kabla sijalipeleka kwa kaya elfu sita, nataka lijaribiwe na mtu mkali. Nani mkali kuliko aliyelitunga la kwanza? Nakutumia nakala moja. Lijaze wewe, nyumbani kwako, siku kumi na nne, ukweli mtupu. Unaweza kuandika pembeni popote pasipoeleweka.

Swali la nne sijaligusa. Ni lako neno kwa neno, na wasaidizi wangu wanalijua kwa kichwa: *Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Hapa mko wangapi?*

Chumba kimepakwa rangi upya. Hati zimekwisha. Baridi nayo itakwisha. Nasubiri tarehe.

Mwanao

*

Tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Daftari hili hapa, siku kumi na nne kamili, toka Jumatatu hadi Jumapili ya pili. Sijaruka hata siku moja. Barua ya Mkurugenzi nimeisoma mara nyingi. Nilidhani nikiiona siku moja nitaruka ruka. Nilikaa tu, nikaona chai imepoa.

Makosa ya daftari lako ni haya. Safu ya "kiasi" ni nyembamba mno. Mkono wa mkulima hauenei humo, na wangu hauenei. Umeuliza "mkate" bila kuuliza mkubwa au mdogo. Huna mahali pa kuandika kitu kilichonunuliwa na hakikuliwa, na kaya maskini hutupa kidogo lakini hutupa, na huona aibu kusema, hivyo lazima uulize kwa adabu. Sehemu ya nauli ni nzuri sana. Mimi sikuifikiria wakati wangu, na ningeifikiria, ningejua mapema ni nani waliokuwa wanatembea kwa miguu kwenda kazini.

Jiko langu lina dirisha moja linalotazama ukuta wa matofali, na kwenye ukuta huo kuna bomba la maji ya mvua lenye kutu. Nimelijazia daftari mezani hapo, kila siku baada ya kuosha vyombo. Nilisahau jinsi kazi hii ilivyo na uchi. Ukiandika kila kinachoingia jikoni kwako, hata kiberiti, unajiona kama mtu mwingine anavyokuona. Miaka yote ile nilikuwa nawatuma vijana kuwauliza watu maswali haya, na sikujua nilikuwa nawavua nguo. Waambie vijana wako waseme asante wakiingia na waseme tena wakitoka.

Tarehe bado. Usinikasirikie. Mpe dada yangu pole ya macho, na umwambie heshima ya kupumua kwake ilikuwa inasikika hadi barabarani.

Baba yako

*

Tarehe 6 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimefanya ulichonifundisha kwenye barua zako tangu niko chuo: usiamini fomu mpaka uipikie. Yaani chukua kila kitu kilichoandikwa, ukiweke mezani kichwani mwako, uone ni nani anaweza kuwa amekula.

Nilianza na viazi. Umeandika pembeni, kwa mwandiko wako ule wa kunyooka: "kilo mbili, vimelowekwa, maji yamemwagwa". Nikadhani ni uzee. Nikamwonyesha Nesi kama kichekesho, akaweka kijiko chini, akasema, "Lete hilo daftari." Akapitia kurasa zote. Hakuna ndizi. Hakuna chungwa hata moja kwa siku kumi na nne. Maziwa kidogo mno. Viazi vinalowekwa. Kuna sufuria isiyotiwa chumvi. Akasema, "Mke wangu, hiki ni chakula cha mtu mwenye figo mbovu."

Baba, sikuweza kumaliza kula. Nilijua sasa kwa nini hutaji tarehe.

Lakini kesho yake ofisini nikalifungua tena, na nikaona ambacho hofu ilinificha. Siku ile ile kuna sufuria isiyo na chumvi, na kuna maharage ya kopo na samaki wa kopo, vyenye chumvi ya kutosha kuua ng'ombe. Mayai ishirini na sita. Mikate saba, mikubwa (umeandika "mikubwa", asante). Nyuzi za kijivu, nyuzi nyeusi, sindano za cherehani. Tangu lini wewe unashona? Na nauli: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, wiki zote mbili, tiketi mbili za kwenda na tiketi mbili za kurudi.

Kisha nikaenda swali la nne. Ukurasa mzima umejaa isipokuwa kisanduku hicho. Hukuandika moja. Hukuandika mbili. Umekiacha kitupu.

Nakujua. Mtu aliyekataa kuandika tisa hawezi kuandika moja kama si moja. Basi mko wawili. Mmoja wenu anaumwa, na sijui ni yupi. Niambie hilo kwanza, kwa simu, Jumapili, hata kama sikio halisikii: sema tu "mimi" au "si mimi".

La pili niandikie. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuandikia barua nikiomba nije nikae na wewe. Nakumbuka niliiandika mara tatu ili isiwe na kosa. Ulinijibu kwamba chumba chako ni kidogo, kinatosha mtu mmoja. Niliamini. Nilikuwa nalala kitandani napima kwa macho chumba cha mtu mmoja kinavyokuwa, naona kweli sienei.

Kinatosha wangapi, Baba?

Mwanao

*

Tarehe 25 Aprili

Mwanangu,

Jumapili ulinisikia nikisema "si mimi", ukasema "ahsante Mungu", kisha ukakata simu. Vyote viwili nilistahili.

Anaumwa mwanamke ambaye nimekaa naye miaka ishirini na miwili. Mtaani wote humwita Fundi, nami pia. Ana kiduka cha kurekebisha nguo chini ya nyumba hii tunayokaa. Nilimpelekea koti lililochanika bitana. Akaniuliza kwa nini mfuko wa ndani umeshonwa kwa uzi wa viatu. Nikamwambia nimeushona mwenyewe. Akasema, "Ndugu yangu, hii si kushona, hii ni kufunga mbuzi." Yeye naye si wa hapa, ametoka kwao kwa njia yake, nami kwa njia yangu. Figo zake zilianza kuchoka miaka mitatu iliyopita. Siku tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine hospitalini, kwa muda wa saa nne kila mara, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Naenda naye. Ndizo tiketi zako.

Sasa barua yako ya miaka kumi na miwili. Ninayo. Haina kosa hata moja.

Kabla hujaiandika, nilikuwa nimekwisha kukuombea kibali cha kuja. Ofisi ya uhamiaji ya huku ilikataa. Ulipoiandika nikaomba tena, nikaambatanisha barua yako. Wakakataa mara ya pili, kwa karatasi yenye mistari miwili. Nilikaa na karatasi hiyo nikajiuliza nikuambie nini. Nilifikiri: mtoto asijue kwamba kuna watu wasiomjua waliokaa ofisini wakasema hapana juu yake. Afadhali anione mimi maskini wa chumba. Na chumba kilikuwa kidogo kweli. Hivyo niliandika jambo la kweli ili nifiche jambo la kweli, na mtu wa takwimu anajua hakuna uongo mbaya kuliko huo.

Mwaka uliofuata nikahamia hapa kwa Fundi. Vyumba viwili na jiko. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kwa chumba cha pili, na nilichokiona ni wewe unakipima kwa macho. Ningekuandikiaje? "Mwanangu, nafasi imepatikana, nimeingia na mtu mwingine"? Nikasema nitakuambia mwezi ujao. Jambo likishapita mwezi mmoja hupita kumi, na kumi hupita miaka. Fundi aliniambia kila mwaka, "Mwandikie mwanao." Kosa si lake. Ni langu peke yangu.

Kuhusu kile kisanduku. Nilikaa nacho siku zote kumi na nne. Nilijaribu hata ujanja: nikajiambia kwa kuwa yeye anapikiwa bila chumvi na mimi kwa chumvi, vyungu ni viwili, basi kaya ni mbili. Fundi alipoona nimekaa na kalamu hewani akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mume wangu," akasema, "umepata njia ya kuniacha bila kutoka jikoni."

Hiyo ndiyo hali. Sikuombi unielewe leo.

Baba yako

*

Tarehe 2 Juni

Kaka,

Naandikiwa na Nesi, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwapisha asipunguze neno.

Mwanao amenuna. Wiki ya tano hii. Hasemi kitu, ila masufuria yangu yameona cha moto. Anayasugua mpaka yanakaribia kutoboka. Mtoto akimuuliza kwa nini anajibu "kwa sababu", na wewe unamjua yule mtoto, jibu hilo halimtoshi hata kwa dakika moja.

Nikaona nifungue mdomo. Nimemwambia, nawe nakuambia. Ulipokuwa unaomba kile kibali, ulinitumia karatasi nitie saini kwamba nakubali mtoto aende. Nilitia. Halafu kila siku nikawa naomba Mungu wakatae. Nilipiga magoti hasa, haya haya. Wakakataa mara mbili, na mara zote mbili nilipika vizuri siku hiyo. Mtoto alikuwa analia chumbani, mimi jikoni naimba kwa sauti ya chini. Basi kama kuna mwenye dhambi katika nyumba hii tugawane.

Umekuwa ukinishukuru kila barua kwa kukulelea mtoto. Mimi sikukulelea mtoto. Nilijilelea. Sikuzaa, na kabla hujaniachia yule wa siku tatu, nilikuwa mtu wa kurudi kwenye nyumba tupu. Anayefaa kushukuru ni mimi, na waliokutia hofu mpaka ukakimbia, Mungu awasamehe, maana mimi walinifaidisha.

Huyo Fundi wako, ana adabu? Anakupikia au wewe ndiye unayepika? Kwa hilo daftari Nesi anasema unapika wewe. Vizuri. Ulikuwa mvivu.

Dada yako

(Sijapunguza neno, Mzee. Shikamoo. Mwulize daktari wa Fundi kama wanaukagua kila mwezi ule mshipa wa mkononi unaopeleka damu kwenye mashine. Nesi.)

*

Tarehe 29 Juni

Baba, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Ningekuandikia mapema ningeandika vibaya.

Nilikuwa na hasira ya aina mbili. Ya kwanza iliisha Shangazi alipokiri kuhusu kuimba kwake jikoni. Nilicheka nikiwa bado nimekasirika, na hasira ikichanganyika na kicheko haikai. Ya pili ilikaa zaidi. Ilikuwa inasema: nimekuwa nikitenga chumba kwa mtu mwenye nyumba.

Mwezi huu tumekuwa nje kukagua daftari. Msaidizi wangu mmoja akanipigia simu yuko kwa mama mmoja mpishi wa shule, wamekwama kwenye swali la nne. Nikaenda mwenyewe. Nyumba ina watu watano. Mama anasema sita.

"Wa sita yuko wapi, mama?"

"Mwanangu wa pili. Yuko mbali. Mwaka wa tisa huu."

"Basi huyu hali chungu hiki."

"Nani kakuambia?" akasema. "Angalia hilo daftari lenu. Naanza kupika najikuta nimepima ya sita. Kila siku. Watoto wanamaliza, lakini mimi nampikia yeye."

Nikaangalia. Baba, ni kweli. Mchele ulikuwa wa watu sita. Siku kumi na nne zote, bila kukosa.

Niliandika tano. Ilibidi, kwa kuwa maana ya kaya ni ile ile kwa zote elfu sita, nisingeweza kumpa yeye mtu wa ziada. Nilisema asante kama ulivyonielekeza, nikatoka, nikakaa ndani ya gari la ofisi. Nilikuwa nimedhani kwamba mtu ama yumo kwenye kaya au hayumo. Kumbe kuna watu ambao fomu haiwapati na mchele unawapata.

Nakushukuru kwamba uliniombea mara mbili. Sikujua. Miaka ishirini na tatu nilidhani niliomba peke yangu.

Sasa mambo ya kweli. Nimemwuliza Nesi kama mnaweza kuja wote wawili, wewe na Fundi. Chumba ni kikubwa, tungeweka kitanda cha watu wawili. Nesi akaenda kuuliza hospitalini kwao. Mashine za figo ziko tatu, moja imeharibika, na kuna wagonjwa wanaopata mara moja kwa wiki badala ya mara tatu. Alinieleza akiwa amenishika mkono. Hakuhitaji kumalizia.

Kwa hiyo nakuuliza, kwa maandishi, na safari hii nataka kisanduku kijazwe. Bibi Kwanini atakwenda darasa la pili, anahitaji mahali pa kusomea. Shangazi anahitaji usingizi, na mtoto anahitaji kulala bila mkoromo. Chumba kimesubiri miaka miwili. Sitakasirika kwa jibu lolote, isipokuwa "tutaona hali ikipoa".

Utarudi?

Mwanao

*

Tarehe 17 Julai

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika Ijumaa, siku ya mashine. Niliisoma hospitalini, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha Fundi. Chumba kile kina vitanda vinane, na mashine zinalia kama jokofu la dukani. Nilipofika penye habari za yule mama mpishi wa shule nilisimama nikaenda dirishani. Fundi akasema, "Kuna nini?" Nikamsomea yote. Akanyoosha blanketi juu ya magoti.

Kisha akasema, "Nenda."

"Niende wapi?"

"Kwa mwanao. Mimi nina mashine. Inanishika mkono kuliko wewe, na haisahau miwani nyumbani."

"Na nani atakulowekea viazi?"

"Nitakula mchele. Nenda, mzee, usinifanye kisingizio. Nimechoka kuwa kisingizio cha mtu aliyemaliza miaka ishirini na miwili ndipo akanitaja."

Hapo alinipata. Kwa hiyo nimekaa siku nne nikijiuliza kwa ukali, kama ninavyokagua fomu ya mtu nisiyemwamini: je, nakaa kwa ajili yake, au namtumia? Nimejibu hivi. Kama angekuwa mzima, ningekuwa nimekwisha kununua tiketi mwezi wa nne, nije kukuomba radhi uso kwa uso. Hiyo ni kweli. Lakini ningekuja kuomba radhi, kisha ningerudi hapa. Hiyo nayo ni kweli, na ndiyo niliyokuwa siisemi hata kwa nafsi yangu.

Kwako ningekuwa mgeni wa heshima. Mngeniwekea kiti kivulini, Mkurugenzi angenialika kuongea na vijana, dada yangu angenitukana kwa mapenzi kila asubuhi. Ningefurahi mwezi, miwili. Hapa nina kazi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nabeba mfuko wenye blanketi, soksi, na kitabu ninachomsomea. Nakijua kituo ambacho basi huinama kidogo ili mtu mgonjwa apande. Namjua muuguzi anayepata mshipa kwa jaribio moja, na naomba zamu yake kama watu wanavyoomba mvua. Nilipofika hapa sikuwa na faida kwa mtu yeyote. Sasa ninayo, saa nne kwa siku, siku tatu kwa wiki, na ninashukuru kupita kiasi kwamba katika uzee wangu kuna mtu ambaye nisipokuwepo mambo yake yataharibika.

Ninashukuru pia kwa mengine. Kwamba dada yangu alipiga magoti, na akasikilizwa, maana huku ungelelewa na mtu aliyekuwa akiosha sakafu za benki usiku na kulala mchana. Hilo nalo sikukuambia. Kwamba ulipata mtu wa kukuimbia, hata kama alikuwa anaimba kwa sababu isiyo nzuri. Kwamba una mume anayesoma viazi. Kwamba umeandika tano kwa yule mama, na ilikuuma. Ningekuwa bado kazini ningekuajiri kwa sababu hizo mbili pamoja. Moja peke yake haitoshi.

Mpe Bibi Kwanini chumba. Mpe leo, usingoje Jumamosi. Nesi ainyooshe ile rafu ya juu.

Nimeambatanisha barua ya mwaliko, imegongwa muhuri. Siku hizi kibali cha kutembea kinapatikana kwa wiki sita, nimeuliza madirisha matatu pale uhamiaji na yote yamejibu sawa. Njooni likizo ya Desemba, wewe na mtoto, na dada yangu kama magoti yake yanamfikisha uwanja wa ndege. Fundi ameomba vipimo vya mtoto, mabega na urefu wa mkono, kwa sababu ya baridi. Anasema usimkisie, umpime kwa kamba.

Umeniuliza swali moja na umesubiri jibu lake miaka mingi kuliko hiyo miwili uliyoitaja. Sijibu kwa huzuni. Nimelala vizuri usiku wote, nimeamka, nimekunywa chai, na nimekaa chini kukuandikia mchana mweupe.

Sitarudi.

Baba yako